Vitabu Vilivyopigwa Chapa Mara ya Pili

Mvua ndiyo iliyonitoa nyumbani. Ilivuja katika paa la shule yetu ya Kibumba, upande ule ule lilipowekwa sanduku la vitabu, na ilipokatika tulikuta kitabu kimoja kimegeuka uji. Kilikuwa kitabu cha misioni, cha zamani sana, kinachoeleza maisha ya watu wakubwa wa Bulaya: wachoraji, wachunguzi wa nyota na wa dawa, na majaji. Jumapili baada ya sala, Mwalimu Dominiko alikuwa akikisoma kwa Kifaransa na kutugeuzia kwa Kiswahili, nasi tukisikiliza, wenye kujua kusoma na wasiojua. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya msingi na hapakuwa na shule nyingine ya kunipokea. Sanduku lile ndilo lilikuwa shule yangu.

Padri alikuwa ametuambia tangu mwanzo kwamba siku kitabu kimoja kitakapopotea, sanduku litahamia kilima kingine. Na Jumapili hiyo Padri alikuwa anakuja kuvihesabu.

Dereva mmoja alimwambia Mwalimu kwamba duka la vitabu la Goma limepokea kitabu kile kile, kimechapwa upya. Mwalimu alikuwa kitandani na homa, sauti imemkauka. Akaniita.

"Utakwenda wewe, Faustini. Lete viwili. Kimoja cha Padri, kimoja kibaki kwetu."

"Mwalimu, mimi sijui kusema na watu wa mjini."

"Hutasema. Utaonyesha karatasi tu."

Jioni nilimweleza Papa, baba yangu, safari yangu. Papa ni mchungaji wa ng'ombe, hajui kusoma, lakini hakukosa hata Jumapili moja. Alipenda habari za jaji mmoja ambaye mbele yake mjane alimshitaki bwana mkubwa aliyemnyang'anya malisho. Mwalimu alikuwa amefika mahali jaji anasimama ili atoe hukumu, halafu mvua ikaja. Tangu hapo Papa aliuliza karibu kila siku kama mjane alishinda, na hakuna aliyejua.

Nilidhani atafurahi. Nikamwambia kwamba kitabu kimepigwa chapa tena. Aliweka chini kibuyu cha maziwa.

"Tena? Kimepigwa chapa mara ya pili?"

"Ndiyo, Papa."

"Ng'ombe akipigwa chapa mara ya pili, ni juu ya nini?"

Kwetu hata mutoto anajua jibu. Chapa ya pili huwekwa ili kufunika ya kwanza. "Ameibwa, Papa."

"Basi. Mimi nataka kusikia ile hukumu kuliko ninyi wote. Lakini usiniletee hapa kitu chenye mabwana wawili."

Ningeweza kumwambia kwamba chapa ya kitabu si chapa ya ng'ombe. Lakini mimi mwenyewe sikujua vizuri kitabu kinachapwaje, na neno la baba likishaingia halitoki upesi. Nililala nalo.

Alhamisi alfajiri nilishuka kwenda barabara kubwa ya Rutshuru. Kibumba ni baridi, na ukungu ulikuwa mzito hata mlima wa moto sikuuona, niliona tu mawe meusi ya pande zote mbili na kuta ambazo watu wamezipanga kwa mawe hayo hayo kuzunguka mashamba ya mbaazi. Wanawake walipanda na mitungi mitupu, wakitafuta maji, maana mawe ya mlima huyanywa yote. Nilikuwa na karatasi ya Mwalimu, fedha aliyoifunga katika kitambaa, na karatasi ya ruhusa ya safari yenye muhuri wa chefu, mkubwa wa kilima chetu. Nilizipapasa mfukoni kila nilipopita kona.

Kamyo ya viazi ilinichukua. Kadiri tulivyoteremka, joto lilipanda, ukungu ukafunguka, na ziwa likaonekana chini, pana na tulivu. Wengine walishangilia. Mimi nilikuwa nikirudia moyoni: "Yambo, Papa. Naomba kitabu hiki." Niliyarudia maneno hayo mpaka yakapoteza maana.

Saa sita mchana nilifika Goma na kukuta duka limefungwa. Wazungu hula na kulala saa hizo, na kazi zote husimama. Nilikaa ng'ambo ya njia juu ya jiwe. Kila aliyepita nilidhani atauliza ninangoja nini, na jibu nililokuwa nalo lilikuwa la kumwambia mwenye duka tu.

Alasiri mlango ulifunguliwa. Ndani kulikuwa na karani, muzee mfupi mwenye miwani, mutu wa Butembo, jina lake Papa Paluku. Nilimpa karatasi bila kufungua mdomo.

"Wewe ni bubu?" akauliza.

"Hapana, Papa."

"Aksanti Mungu. Jana alikuja mmoja bubu kweli, tukaongea vizuri kuliko hivi."

Aliingia stoo akarudi na vitabu viwili. Sikuwa nimepata kuona kitabu kipya kiasi kile. Jalada la bluu liling'aa, na nilipokifungua kurasa zilishikana kama majani ya kabichi ambayo hayajachanuka. Picha ya mchoraji mwenye ndevu ilikuwepo, na ya mchunguzi wa nyota na bomba lake. Lakini ukurasa wa kwanza ulikuwa na mwaka wa zamani, kabla babu wa babu yangu hajazaliwa.

Papa Paluku aliona ninaangalia mwaka. "Ni chapa ya pili, mutoto wangu. Ya kwanza ilikwisha zamani."

Hapo ndipo ningeuliza. Swali lilikuwa tayari: ya kwanza ilikuwa ya nani? Lakini muzungu aliingia, Papa Paluku akanyooka, mimi nikarudi ukutani. Aliandika risiti, akafunga vitabu kwa karatasi na kamba, na nikatoka na swali langu.

Jioni nilikuwa kwa shangazi yangu Venansia, karibu na mpaka wa Kisenyi. Alinipa ugali na maharage, akacheka kwamba mutoto wa kaka yake ametumwa kununua wazungu waliokufa. Baada ya kula aliomba kuwaona. Nikafungua kitabu kimoja mlangoni, penye mwanga bado.

Nyuma ya picha ya mchoraji palikuwa na muhuri wa mviringo. Nilisoma herufi zake polepole, neno kwa neno: Mali ya Nyumba ya Vitabu, halafu jina la mji nisioujua.

"Unasoma nini? Sura yako imebadilika," shangazi akasema.

"Kina mwenyewe, Shangazi. Si chetu."

"Wamekuuzia kitu cha wizi? Kirudishe kesho!"

Lakini kesho ilikuwa Ijumaa, na kamyo ya Rutshuru huondoka kabla duka halijafunguliwa. Nikikirudisha, Padri atakuta pengo ndani ya sanduku. Nikienda nacho, Papa ataona muhuri, maana hajui kusoma lakini chapa anaijua kuliko mtu yeyote. Shangazi alinitandikia mkeka nikajilaza, vitabu chini ya kichwa. Sikupata usingizi. Niliwaza kwamba huko Bulaya kuna mtu anatafuta kitabu chake.

Ijumaa asubuhi nilipanda kamyo. Sikuwa nimeamua; miguu ilikwenda tu. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mnene aliyebeba chumvi, akanipa kipande cha muhogo bila kuniuliza lolote. Nilimshukuru kwa hilo la pili zaidi.

Nje ya mji tulisimama kwenye baryeri, mti uliolazwa njiani, na polisi mmoja akaanza kukagua mizigo. Alikuwa na kovu refu shavuni. Alipofika kwangu alibonyeza furushi kwa kidole.

"Humu iko nini?"

"Vitabu, Papa."

"Sema kwa nguvu. Husemi na mende wa ukutani."

"Vitabu!"

Akaniteremsha, akaweka furushi juu ya pipa kando ya njia, akafungua kamba. Risiti aliiona, akaiona na ruhusa yangu. Halafu akafunua kitabu, na kana kwamba kidole chake kilitumwa, kikafika moja kwa moja kwenye muhuri.

"Hii mali ni ya nani?"

"Nimenunua, Papa. Risiti ni ile."

"Risiti ya duka, ndiyo. Muhuri ya nani? Serikali inaweka muhuri, misioni inaweka muhuri. Wewe nani?"

Mama wa chumvi aliinama kutoka juu ya kamyo. "Ee Papa polisi, mwizi gani anaiba kitabu? Angeiba mbuzi!"

"Mama, kaa kimya na chumvi yako."

"Chumvi yangu haina muhuri, ndiyo sababu unaiacha!"

Watu walicheka, na kucheka kwao kukamkasirisha. Akafunua kitabu cha pili juu ya pipa, kando ya cha kwanza. "Na hiki pia! Viwili, na vyote na muhuri ya wenyewe! Vitabaki hapa. Na wewe utabaki navyo."

Dereva alipiga honi. Niliona moyoni sanduku la vitabu likishuka kilima chetu juu ya kichwa cha mtu mwingine. Macho yangu yalikuwa chini, juu ya pipa, kwa sababu niliogopa kumtazama usoni, na ndiyo maana niliona.

Mihuri yote miwili ilikuwa imelalia upande wa kushoto. Duara la wa kwanza lilikatika kidogo chini, na duara la wa pili lilikatika pale pale. Kando ya wa kwanza palikuwa na tone la wino lenye mkia, na kando ya wa pili tone lile lile, mkia ule ule. Nimeshika kamba siku nyingi watu wa daktari wa ng'ombe wanapopiga chapa kwetu. Ng'ombe huyu anaruka, yule anavuta, chuma kinapoa. Sijaona chapa mbili zinazofanana hata siku moja. Hakuna mkono unaogonga namna hii.

"Papa," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka, "tafadhali lowesha kidole."

"Nini?"

"Lowesha kidole, upake muhuri wa ruhusa yangu. Halafu huu wa kitabu."

Nadhani alifanya hivyo kwa mshangao. Alilamba kidole gumba, akasugua ruhusa, na muhuri wa chefu ukamwachia zambarau kidoleni. Akakipangusa kwenye suruali, akalamba tena, akasugua kitabu. Kidole kilitoka safi. Akasugua cha pili. Safi.

"Basi hii ni nini?"

Mimi mwenyewe nililijua jibu wakati ninalisema. "Ni picha ya muhuri, Papa. Si muhuri. Walipiga picha kitabu cha zamani, ukurasa kwa ukurasa, halafu wakavichapa hivi vipya. Muhuri ulikuwa ndani, ukapigwa picha pamoja na maneno."

Aliinamia pipa, akalinganisha tone na tone, mkia na mkia. "Hawakuweza kuufuta kwanza?"

"Sijui, Papa."

Alicheka, na kovu likapanda mpaka karibu na jicho. "Funga vitu vyako. Lakini uwaambie hao wa Bulaya, siku wakinipiga picha mimi, wafute kwanza hii ya shavuni."

Mama wa chumvi alinivuta juu kwa mkono. "Kumbe una mdomo!" akasema, akanipa muhogo mwingine.

Mchana nilifika nyumbani. Ruhusa yangu ilikuwa doa la zambarau lisilosomeka, lakini vitabu vilikuwa vizima. Sikumngoja Papa auone muhuri mwenyewe. Niliviweka vyote viwili juu ya magoti yake, wazi, nikamwonyesha duara lililokatika na tone lenye mkia. Alipitisha kidole gumba kwa kimoja, kisha kwa kingine, kama anavyopapasa paja la ndama.

"Chapa hii haikuwekwa," akasema. "Wamezaliwa nayo."

"Ndiyo, Papa."

"Mama yao yuko wapi?"

"Bulaya, kwa mwenyewe. Hakuibwa. Walimpiga picha tu."

"Ng'ombe wa namna hiyo ningemtaka," akasema, akanirudishia.

Jumapili Padri alihesabu vitabu vyake, akashika kile cha bluu, akasoma mwaka wa zamani juu ya karatasi mpya, akatabasamu. Mwalimu alimweleza habari ya mvua kwa kunong'ona, hakuficha neno. Padri alisema paa lizibwe. Sanduku likabaki.

Mimi katika safari hii nilijifunza jambo dogo. Neno moja nililoogopa kuliuliza dukani lilinilaza macho usiku kucha, na lingenigharimu vitabu vyote viwili. Tangu siku ile nauliza, ingawa moyo bado unadunda kabla.

Mchana ule ule watu walikaa mbele ya shule. Mwalimu alikuwa amepona homa, lakini sauti haikuwa imerudi. Akanipa kitabu. Nilisimama, nikatafuta ukurasa wa jaji, nikasoma kwa Kifaransa polepole, nikageuza kwa Kiswahili, na Mwalimu akitikisa kichwa kila nilipopatia. Jaji alisimama. Bwana mkubwa alikaa mbele na watumishi wake, mjane nyuma, peke yake.

"Mjane amepewa?" Papa akauliza kutoka nyuma.

"Amepewa, Papa. Malisho yote, na kijito kinachopita ndani yake."

Papa aliegemea mbele juu ya fimbo yake, mkono nyuma ya sikio.

"Rudia hapo," akasema. "Kwa nguvu."

Nikarudia.