Njiti Ndani ya Ufa

"Kesho utaingia darasani, utaandika ubaoni kama wenzako, na huo ufa utauacha kama ulivyo!"

"Mama, siingii. Wala watoto hawaingii."

"Basi ukifukuzwa kazi usije kunililia."

"Nikalilie wapi, na nyumba ni hii hii?"

Huyo ndiye kitinda mimba wangu, mwalimu wa hesabu. Mdomo kaurithi kwangu. Akili sijui kaiokota wapi, maana mimi shule nimeipita kwa nje, tena mbio, nikimfukuza chui kwa mwiko. Wajukuu wanasema naongeza chumvi, lakini mwiko ninao hadi leo.

Shuleni wanamwita Mama Vizibo. Kwake hakuna kukariri: watoto wanagawana vizibo vya soda sakafuni, wanazungusha kamba uwanjani wapate duara, wanakata karatasi nusu na robo mpaka darasa linafanana na banda la kuku. Waliozoea kujificha chooni kipindi cha hesabu, siku hizi wanamtangulia mlinzi getini.

Mwezi uliopita akawaambia wachague kitu kinachobadilika, wakipime. Wakachagua ufa wa ukuta wa nyuma wa darasa lao, ukuta unaobeba paa. Kila Jumatatu walipanga njiti za kiberiti ndani yake, ubavu kwa ubavu, wakahesabu. Wiki ya kwanza zilienea tatu. Ya pili, nne. Ya tatu, sita. Ya nne, tisa. Wakachora mstari kwenye karatasi kubwa; ulianza kupanda taratibu, kisha ukanyanyua shingo kama nyoka.

"Wiki ya tano je?" akawauliza.

"Kumi na tatu!" darasa zima likapiga makofi. Yeye hakupiga.

Akampelekea mwalimu mkuu ile karatasi. Mkuu akaikunja mara nne. "Umeajiriwa kufundisha, si kukagua majengo. Jumatatu nikukute ubaoni, la sivyo barua yako iko tayari."

Na leo ni Jumapili, tuko jikoni tunararuana.

"Kuta husimama kwa mazoea," nikamwambia, namenya viazi. "Hata mimi nimepinda, na sijaanguka."

"Wewe, mama, hujawainamia watoto arobaini na saba."

Hapo kisu kikanisimama mkononi. 

"Hizo tisa," nikauliza polepole, "mlihesabu vizuri?"

"Walirudia mara tatu. Lakini hiyo ni Jumatatu iliyopita. Na juzi mvua imenyesha. Leo sijui zingeenea ngapi, mama, na mkuu ndiye mwenye ufunguo wa dar..."

Mlango ukasukumwa bila hodi. Alikuwa mwalimu mkuu mwenyewe. Mabega yake yalikuwa meupe kwa vumbi la plasta, na mkononi ameshika kiberiti kipya.

Nilikuwa nimemwekea maneno yake, tena makali. Nikamsogezea kigoda tu.

Hakunisalimu. Alikiweka kiberiti mezani, mbele ya binti yangu, akakisukuma wazi kwa kidole gumba. "Nimetoka kupima ule ufa," akasema.

Ndani hamkuwa na njiti hata moja.