Kunguru wa Kitambaa

Miaka imepita mingi na bado nikikumbuka nataka kujifunika uso kwa kanga, lakini kwa kuwa mmening'ang'ania, basi nakusimulieni, na wa kucheka acheke.

Ilikuwa enzi za hamsini, nami mwari wa nyumbani Mkunazini, na siku hiyo Bi Zuwena wa Mtoni alikuwa anakuja kunitazama kwa ajili ya mwanawe, kijana ambaye (nisiwafiche) nilikuwa nimeshamchungulia dirishani si mara moja na moyo umeshamkubali. Mama alinionya tangu alfajiri: "Leo utulie. Nsikuone unarukaruka uani na mawe kama mwehu."

Mawe yenyewe yalikuwa ya kunguru. Uani kwetu palikuwa na mkomamanga, na shore wawili walijenga kiota humo. Makinda wao wa mwanzo kunguru aliwala wote mbele ya macho yangu, nikalia siku mbili. Shore wakataga tena, wakaangua watatu, na kunguru naye akarudi ukutani kungoja.

Bi Zuwena akafika, mwanamke wa mwili na mwenye mashamba, akavua buibui, likatundikwa chumbani nyuma ya mlango, akakaa ukumbini na mama. Mimi niko uani natayarisha kahawa na halua, mara namwona yule mlaanifu karuka kutoka ukutani mpaka tawini. Kupiga kelele siwezi, mawe nimekatazwa, ndipo nikakumbuka wasemavyo watu, kwamba kunguru akimwona mwenzake katundikwa amekufa hasogei tena. Mzoga wa kunguru nitautoa wapi saa ile? Nikaona nimtengeneze. Nikaingia chumbani mbio, nyuma ya mlango nikakuta buibui limepauka, nikajua ni lile kuukuu la mama linalongoja kuwa tambara (kumbe mama kalificha uvunguni asubuhi, mgeni asilione, na mimi ningejuaje kuwa mwenye mashamba yote yale huvaa buibui lililochujuka kuliko letu?), nikatia mkasi, nikajaza sufi ya mto, nikafunga mbawa mbili kwa kamba za buibui lenyewe, nikamtundika mtini na kurudi kwenye kahawa yangu kama si mimi.

Basi kunguru walipomwona walikusanyika mji mzima kumlilia maiti wao, makelele mpaka ukumbini watu hawasikilizani. Bi Zuwena akatoka uani kutazama kuna nini, mama nyuma yake. Akamwangalia yule kunguru wangu, akamwangalia tena.

"Kamba ile," akasema polepole, "si nliishona mwenyewe kwa uzi wa kijani?"

Nilitamani ardhi ipasuke nizame. "Naam, Bi Zuwena. Nimelikata mimi. Nlidhani la mama."

"Langu si nlilitia uvunguni," mama akaropoka, kisha akafumba mdomo, maana sasa aibu zimekuwa mbili.

Nikaona posa imekwenda na maji. Nikaangua kilio, na katika kulia nikaeleza yote, makinda wa mwanzo, mawe, mpaka mkasi. Nilipomaliza, Bi Zuwena akainua macho. Kunguru wamejaa kwenye paa la jirani wanapiga kelele, lakini hata mmoja hathubutu kushuka, na shore akapita katikati yetu na kiwavi mdomoni, akaingia kiotani.

"Makinda wangapi?" Bi Zuwena akauliza.

"Watatu."

Akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, mtu mzima yule. "Mie kwangu wananimalizia vifaranga. Hicho kitambaa kilichobaki nshonee mwengine, nende naye."

Nikashona papo hapo. Jioni akaondoka na kunguru wake ndani ya kikapu, kavaa lile buibui la uvunguni, na kwa kuwa mama alikuwa mwembamba na mfupi, lilimwishia kwenye mundi wa mguu na kanga zote nje, akapita nalo Darajani mbele ya watu kwenda kupanda gari ya shamba.

Makinda waliruka wote watatu wiki ile ile, nikawahesabu ukutani kwa furaha hata nikasahau fedheha. Tangu hapo sitii mkasi kwenye nguo nyeusi mpaka niulize nyumba nzima ni ya nani. Na posa ililetwa Ijumaa, ikiwa na sharti moja tu la Bi Zuwena: siku ya arusi, wageni wake watavulia mabuibui yao kwa jirani, na ufunguo atakaa nao mwenyewe.