Mwalimu Anayeingiza Mvua Wodini

Jua la saa mbili asubuhi huingia kwa dirisha moja tu, la mashariki, na mwalimu anajua linapopenda kukaa. Anaweka beseni la maji sakafuni, palepale kwenye kipande cha mwanga. Anazamisha kioo kidogo cha kujitazamia, anakiegemeza ukingoni, kisha anakiinua polepole kwa ncha ya kidole.

Wodi imenyamaza. Watoto wamelala chali, si kwa utii, bali kwa sababu wengi wao hawawezi kulala namna nyingine. Macho yote yako darini.

"Bado," anasema mwalimu. "Bado kidogo. Haya, huyo anakuja."

Darini, juu ya kitanda cha tatu, rangi zinajitokeza. Nyekundu inatangulia, zambarau inafunga msafara, na zilizo katikati zinaingiliana kama watu waliolala kitanda kimoja. Maji yakitikisika, upinde wa mvua nao unatikisika, unapita juu ya feni na kuteremka ukutani hadi kwenye ndoano za kutundikia chupa za dripu.

"Umekuja kuniona," anasema msichana wa kitanda cha tatu, ambaye mguu wake umening'inizwa kwa kamba.

"Saa ya kutazama wagonjwa haijafika," anajibu muuguzi mkuu wa wodi, anayepita na sinia la dawa. Kila mtu hapa humwita Sista. "Huo upinde nani ameuruhusu kuingia?"

Watoto wanacheka. Sista hacheki, lakini anasimama na sinia lake mkononi mpaka rangi zinapofifia.

Hii ni wodi ya watoto wenye magonjwa ya mifupa. Wanaolazwa hapa hukaa wiki nyingi, wengine miezi, na walio wadogo husahau hata mlango wa kwao unatazama upande gani. Mwalimu huwafundisha kuhesabu, kuimba na kutambua herufi. Lakini somo analolipenda kuliko yote ni hali ya hewa, na hulifundisha kwa vitu vya kushikwa.

"Mtoto wa nje haiwazi mvua mpaka imnyeshee," anasema. "Mtoto wa humu ndani huiota."

Watoto wamempa jina la Mwalimu Mawingu. Dalili ya mvua ni mawingu, na yeye akionekana mlangoni na kapu lake, kuna maji yatakayomwagika.

Asubuhi nyingine huja na chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Sista mwenyewe humimina maji ya moto, maana hamwachii mtu mwingine birika. Mwalimu hufunika chupa kwa kisahani chenye vipande vya barafu. Mvuke unapanda, unakutana na ubaridi, unageuka matone chini ya kisahani, na matone yakinenepa yanadondoka. Chupa hupitishwa kitanda hadi kitanda, ikiwa imepoa, kila mtoto akague mvua yake.

Siku za upepo hufunga vipande vyembamba vya bandeji kwenye nondo za dirisha. Vikilala, upepo umelala. Vikinyooka kuelekea ndani, watoto huambiana habari ya kule unakotoka, kama watu wanaomzungumzia mgeni. Na nje, juu ya kizingiti, kuna chupa ya plastiki iliyokatwa shingo na kuwekewa alama za plasta, ya kupimia mvua iliyonyesha usiku.

Zamani alifundisha shule ya chekechea, darasa lenye madirisha manne na uwanja wa mchanga. Kisha kitinda mimba wake akaugua nyonga, akalazwa katika wodi hii hii karibu mwaka mzima. Kila jioni mama alipofika, binti aliuliza swali moja: "Mama, leo nje kulikuwaje?"

"Nilikuwa namjibu kama redio," anakumbuka mwalimu. "Leo jua kali, leo mawingu, leo upepo. Siku moja akaniambia, mama, unasema tu, mimi hata sikumbuki upepo unakuwaje usoni. Neno lile lilinikata maini."

Kesho yake alileta mfuniko mkubwa wa sufuria na kuanza kumpepea. Keshokutwa akaleta jani lililolala na umande, limefungwa ndani ya kikopo ili lisikauke njiani. Watoto wa vitanda vya jirani wakaanza kudai haki yao. Haikupita muda, akawa anabeba majani ya wodi nzima.

Binti alipona, akatoka akichechemea kidogo. Wiki iliyofuata mama yake alirudi wodini.

"Nilisema naenda kuwasalimu tu," anasema. "Basi, nimewasalimu mpaka leo."

Salamu hizo zimemgharimu. Posho anayopewa na hospitali haifiki nusu ya mshahara aliouacha shuleni. Jumamosi hushona sare za wanafunzi pamoja na binti yake yule yule, ambaye sasa ni fundi cherehani na ndiye mwenye duka. "Mimi ni msaidizi wake," anasema mama. "Ananigombeza nikikosea pindo, na sina pa kushtaki."

Kazi yenyewe imewahi kumponyoka mikononi, na habari hiyo hawezi kuisimulia bila kumtaja msichana wa kitanda cha tatu.

Msichana huyo ana miaka sita. Wenzake humwita Kobe. Alipoletwa, dirisha likigongwa na upepo tu, aliivuta shuka ikamfunika utosi, asitoke mpaka kutulie. Paja lake lilikuwa limevunjika. Mguu ukaning'inizwa kwa kamba inayopita kwenye kapi, na mwisho wa kamba ukafungwa uzito wa chuma ili mfupa uunge ukiwa umenyooka.

"Upepo ulichukua paa, ukuta ukalifuata," anaeleza bibi yake, ambaye hushinda mkekani kando ya kitanda. "Tulimtoa mjukuu wangu chini ya matofali. Tangu siku hiyo hakusema neno. Hata maji alikuwa anaomba kwa kidole."

Mwalimu alikuwa na somo la ngurumo ambalo halijawahi kumwangusha. Alichukua filamu kuukuu ya eksirei, ile nyeusi inayoonyesha mifupa. Ukiishika pembeni na kuitikisa, inanguruma kama radi ya mbali. Mtu mmoja huwasha tochi, mwalimu hutikisa, na watoto hujifunza kwamba mwanga huwahi na sauti huchelewa, na kwamba ukihesabu kati yake, hesabu ndefu ni radi ya mbali.

"Nilijiona fundi," anasema. "Nikasimama katikati ya wodi, nikatikisa kwa mikono miwili."

Watoto walishangilia. Kobe alipiga ukelele, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza wodi kuisikia sauti yake. Akataka kuinuka akimbie. Kamba ikamvuta, chuma kikayumba, wauguzi wawili wakamshika. Alitetemeka mpaka chakula cha mchana kikaja na kuondoka.

Sista hakufoka. Alimwita mwalimu pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kwa sasa mvua zako zibaki nje."

"Afadhali angenifokea," anasema mwalimu.

Jioni ile alikwenda dukani kwa binti yake, akaketi kwenye marobota ya vitambaa bila kuvua viatu. Akasimulia yote. Akasema huenda wakati umefika wa kurudi chekechea, kwa watoto wanaoweza kukimbia wakiogopa.

Binti aliendelea kukanyaga cherehani. Alipomaliza pindo, akakata uzi kwa meno.

"Mama, ule upepo ulioniletea, nani alikuwa anaupepea?"

"Mimi, siku ya kwanza. Siku ya pili ukaninyang'anya mfuniko."

"Basi. Na huyu mwenzangu umempa nini ashike?"

"Nilielewa palepale," anasema mwalimu. "Mtoto alikuwa ametoka kwenye dhoruba isiyo yake, mimi nikamletea ya pili, nayo nikaishika mwenyewe."

Alirudi kwa Sista kuomba mara moja zaidi. "Akilia tena, wewe ndiye utakayembembeleza, si wauguzi wangu," akasema Sista. Kwa wanaomjua Sista, hiyo ilikuwa ruhusa.

Safari hii mwalimu hakusimama katikati. Aliketi sakafuni, ubavuni mwa kitanda, akailaza filamu kifuani mwa mtoto.

"Hii haina sauti mpaka wewe uitake," akamwambia.

Kobe hakuigusa siku ile. Siku nyingine aliiinua kuelekea dirishani. Ndani yake kulikuwa na mifupa ya mkono wa mtu fulani, myeupe kwenye weusi, kama mti uliopigwa picha usiku. Akaweka kiganja chake juu ya kile kiganja, akakilinganisha. Mwalimu alikaa, hakufundisha kitu. Nje mawingu yalipita, kivuli chao kikapita sakafuni, kikatoka upande wa pili.

Ikaja siku mtoto akaigonga filamu kwa kidole. Ilitoa mlio mdogo, mkavu.

"Ngurumo ya panya hiyo," akasema bibi kutoka mkekani.

Pembe ya mdomo wa mtoto ilisogea. Akagonga tena. Kisha akaishika pembeni, akaitikisa kidogo, akaacha. Sauti ikaacha. Akatikisa, akaacha. Mwalimu anasema mtoto aliifanya kazi hiyo mchana kutwa, kwa uzito wa mtu anayejaribu swichi ya nyumba mpya: ngurumo ije, ngurumo ikome, na anayeamua ni yeye.

Dhoruba ya kweli ilifika alasiri moja, watoto wakiwa wameamka kutoka usingizini. Mchana uligeuka rangi ya chai. Bandeji za dirishani zilinyooka zote kwa pamoja. Umeme ukakatika, na mvua ikashuka juu ya bati hata ukawa humsikii mtu aliye karibu nawe.

Bibi aliinuka amfunike mjukuu wake. Kobe alishika shuka, akaivuta hadi kidevuni, akaishia hapo.

Mwanga ukapiga. Mwalimu, aliyekuwa ameketi kitandani pa Kobe, akaanza kuhesabu kwa sauti kama alivyowafundisha, na wodi ikamfuata. Walipofika nne, anga likanguruma. Mtoto aliitoa filamu chini ya mto, akaitikisa.

Anga likajibu. Naye akajibu. Katika giza lile la mchana, vitanda vyote vikihesabu, kukawa na ngurumo mbili zinazozungumza, kubwa ya juu na ndogo ya kitanda cha tatu. Hesabu zikawa zinarefuka. Mvua ikapungua kishindo.

"Inaondoka," ikasema sauti iliyokwaruza.

"Nani kasema?" akauliza jirani yake, msichana mwenye plasta mkononi.

"Mimi. Mwanzo tulihesabu nne. Sasa tumefika tisa. Inaondoka."

Bibi aliketi tena mkekani, akaanza kukifunga upya kitambaa chake cha kichwa, ingawa hakikuwa kimelegea.

Mwalimu hapendi habari hii isimuliwe kama muujiza. "Sikumponya," anasema. "Mfupa ni wa daktari, na hofu ina safari yake. Mpaka leo upepo ukivuma ananitafuta mkono. Ila ananitafuta mkono, hatafuti shuka."

Sista ana maelezo yake mafupi. "Waliosema maji yakimwagika hayazoleki hawakuwahi kufanya kazi na huyu mwalimu. Dekio langu halikauki." Anapanga vikopo vya dawa, kisha anaongeza, "Lakini watoto wake wanalala vizuri."

Sasa mwalimu ana mpango mwingine, na haumkalishi. Nyuma ya wodi kuna baraza ndefu iliyoezekwa nusu. Anataka mvua za kwanza za msimu zikianza, vitanda visukumwe hadi pale bati linapoishia, ili kila mtoto anyooshe mkono wake nje.

"Nimewaletea mvua vya kutosha," anasema. "Nataka na wao waifuate."

Seremala wa hospitali alikuja na futi yake, akapima kitanda, akapima mlango. Kitanda kimezidi kwa upana wa vidole viwili.

"Vidole viwili tu, ndivyo vinavyotutenganisha na mvua," anasema mwalimu, na anaviinua vyake kuonyesha.

Mganga mkuu alipopelekewa ombi la kupanua mlango, kwanza alicheka. Kisha akauliza kama watoto hawatapata mafua. Mwalimu akamjibu kwamba watalowa viganja tu, na viganja havikohoi. Mganga mkuu amesema atakuja kuona mwenyewe. Hajaja bado, ila karakana ya seremala imeanza kunukia mbao mbichi, na mwenyewe ukimuuliza anasema anaranda fremu ya kazi nyingine.

Kobe amezisikia habari hizo zote, kwa kuwa wodini hakuna siri. Anajua pia kwamba uzito wa chuma utaondolewa karibuni, na huenda akaruhusiwa kwenda nyumbani kabla seremala hajamaliza. Anamvuta mwalimu kwa mkono wa gauni.

"Nikiondoka kabla mlango haujapanuliwa je?"

Mwalimu anaketi kwenye ukingo wa kitanda, anafikiri. "Siku ya mvua utakuja na bibi. Wewe utapitia nje, uje moja kwa moja barazani. Sisi tutatoka na vitanda vyetu tukukute."

Mtoto anatazama dirishani, ambako anga leo ni jeupe, halina hata wingu moja.

"Mtanikuta nimeshalowa," anasema.