Kiondo cha Waruguru na Hotpoti ya Caro

Ukifika Kitengela, upande wa Noonkopir, ulizia Waruguru wa vitunguu. Utaonyeshwa hata na mtoto. Vitunguu vyake hutoka Loitokitok. Huruma yake sijui hutoka wapi. Labda ilianza siku ile yeye na mumewe Hiram walipohamia hapa, miaka ya zamani, pakiwa malisho matupu, nao hawamjui mtu. Mama mmoja wa Kimaasai akawaletea maziwa kwenye kibuyu, akaondoka bila maneno mengi. Tangu hapo, kanisani kwao ikitangazwa kuna mgeni, Waruguru ndiye husimama kwanza.

Basi ikaja familia kutoka Kongo, iliyokimbia vita: Nsimire, mumewe fundi cherehani, na watoto watatu, mkubwa wao Ansima. Waruguru akasimama, na wenzake wa kanisani, Caro na Shirleen, wakasimama naye. Wakawatafutia nyumba ya mabati, magodoro, na nafasi ya Ansima shuleni. Chakula nacho, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku, kilienda kwa vyombo vya wenyewe. Waruguru alipeleka ndengu kwenye kiondo chake, Caro chapati kwenye hotpoti, Shirleen maziwa kwenye jagi.

Vyombo havikurudi. Walipoenda tena kuwaona, mlango ulikuwa umefungwa. Wakaenda mara nyingine, vivyo hivyo.

"Wako ndani," Shirleen akasema. "Nimeona vidole kwa pazia."

"Na hotpoti yangu iko ndani na hivyo vidole," Caro akasema. "Ile shangazi alinipea siku ya harusi. Jumapili mimi nasimama kanisani niseme tusaidie familia ingine. Mtu hataki, utamlazimisha?"

"Wacha kwanza," Waruguru akasema. "Nipatie hadi Jumapili."

Alijua Caro akisimama atasikizwa. Na wakiachwa hao watu, nani mwingine Kitengela nzima atawabishia hodi?

Alhamisi alifunga kibanda mapema, akaenda peke yake, mikono mitupu. Hakubisha mlangoni. Alizunguka nyuma, akamkuta Nsimire ameinamia magunia matatu ya udongo, akinyunyizia maji aliyooshea vyombo. Nsimire alishtuka kama mtu aliyefumaniwa.

"Karibu, mama," akasema, macho chini.

"Niko na kiu," Waruguru akasema. "Naomba maji ya kunywa."

Nsimire akamkaribisha ndani, akamletea maji kwa gilasi iliyowekwa juu ya sahani. Na pale mezani, juu ya kitambaa kilichodariziwa, Waruguru akaviona: kiondo, hotpoti, jagi. Vimeoshwa, vinang'aa, vimepangwa kama vyombo vya mgeni wa heshima.

"Tulikuja mara mbili, Mama Ansima."

"Nilisikia." Nsimire alivuta kitambaa kikanyooka, ingawa kilikuwa kimenyooka tayari. "Nitarudisha chombo cha mtu kitupu namna gani, mama? Kwetu, kama una chumvi tu, unatia chumvi. Nikapanda lengalenga. Nikasema, zikikomaa nitafungua mlango."

Waruguru akanywa maji yake yote. Halafu akaanza kucheka polepole.

"Mimi nilikaa na kibuyu cha watu," akasema, na akamweleza habari ya yale maziwa. "Nikimwona huyo mama kwa njia, nageuka. Mpaka Hiram alipopata kazi, nikanunua majani chai, nikampelekea."

"Naye akasema nini?"

"Aliniuliza kama nimekuwa mgonjwa."

Wakacheka wote wawili, Nsimire amejifunika uso kwa kitenge.

Sasa, Waruguru angeweza kusema, nitakuletea vitunguu utie kwenye vyombo. Nawajua watu wengi wema ambao wangesema hivyo. Yeye alitoka tu nje akaangalia yale magunia. Lengalenga, aina ya mchicha ambao kina Waruguru huuita terere, zilikuwa urefu wa kidole, zimesongamana.

"Mbolea umetoa wapi?"

"Mzee Kuntai wa mbuzi alinipa."

"Ndio maana zimeshika hivi. Lakini zimebanana. Lazima upunguze, la sivyo hakuna itanona."

"Ning'oe nitupe?"

"Nani amesema kutupa? Changa ndizo tamu."

Wakainama pamoja wakazing'oa moja moja mpaka jua likapungua makali. Waruguru alirudi na kiondo chake, ndani mna fungu dogo la mboga. Zilipoiva, Hiram aliangalia sahani akauliza kama ni mboga ama ni dawa.

Kesho yake Nsimire alienda mwenyewe kwa Caro, hotpoti ameifunga kwa kitenge. Caro akaipokea bila tabasamu. Akafungua kifuniko, akaona vile vijani, mizizi bado na udongo.

"Mama Ansima," akasema, "hizi zikiiva si zitatoshea kwa kijiko?"

"Basi kula na kijiko," Nsimire akajibu.

Caro alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akausukuma wazi, akamvutia kiti.

Jumapili, wakati wa matangazo, Caro akasimama. Waruguru akashika ukingo wa benchi. Caro akakohoa kidogo, akatazama huku na huku, akauliza ni nani ako na magunia matupu nyumbani, kwa sababu Mama Ansima anayahitaji.