Chapati Zisizopigwa Makofi

Kwenye kantini ya kiwanda cha viatu walimwita Mama Makofi. Si kwamba alikuwa mkorofi, jamani, hata kidogo! Ni zile chapati zake. Habari ya mti wa kusukumia yeye hakuitaka. Donge likitua kiganjani, paa mkono huu, paa mkono ule, mpaka linatandaa lenyewe. Ukipita koridoni unadhani ndani kuna watu wanashangilia mpira.

Alifundishwa na mama mkwe wake, tena kwa ukali. "Hili jina chapati limetoka kwenye Kihindi, mwanangu, na ndani yake kuna kofi. Usipoipiga, umepika mkate tu."

Basi, mkono wa kulia ukaanza kufa ganzi. Kwanza vidole viwili, halafu kiganja chote. Daktari akamwambia ukweli: hautarudi. Chapati zikawa zinatoka na umbo la sikio. Meneja wa kantini akavumilia weee, mwisho akamleta mkamwana wa Mama Makofi mwenyewe, na mti wake wa kusukumia.

"Mama, usinichukie. Jiko nampa huyu."

"Wasukumiwe chapati, mafundi wale?" Mama Makofi akacheka kwa dharau. "Watazitema! Wape zake mchana huu, usiwaambie kitu. Wakizikataa, nabaki jikoni kwangu."

"Na wasipozikataa?"

"Nitaondoka na miguu yangu."

Meneja akakubali. Mkamwana akasukuma huku machozi yanamlenga, maana alimpenda mama yule. Saa ya chakula ikafika. Mama Makofi akasimama dirishani pa kugawia, kifua mbele, anasubiri sura zikunjamane.

Fundi wa soli akang'ata. Akatafuna. Akanyanyua dole gumba.

"Mama Makofi, leo umetisha! Laini balaa!"

"Siku zote anatisha huyo," akadakia mwenzake mdomo umejaa. "Ongeza mbili, mama."

Hakuna aliyetema. Hata mmoja, yaani!

Mkamwana akafungua mdomo aseme ukweli. Mama Makofi akamkanyaga mguu. "Nyamaza. Mpe mbili zake."

Halafu akajaribu kufungua aproni. Vidole vikagoma fundo. Mkamwana akamfungulia, huku foleni nje inapiga sahani.

"Mama, nyumbani utafanya nini?"

"Sijui," akasema, akatokea mlango wa nyuma.