Siku Mkwe Alipomtaja Mama Kule Benki

Tuliporudi kijijini kwetu Midia kutoka ukimbizini Zaire, mama hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba aliwahi kuzaliwa. Cheti chake cha ubatizo kiliteketea pamoja na nyumba wakati wa vita. Wala hakukitafuta, mpaka wanunuzi wa tumbaku aliyolima waliposema malipo yatapitia benki. Baba alikuwa amefariki. Msimu wa kwanza pesa ya mama ilipitia akaunti ya baba mdogo, na ilipotufikia ilikuwa imekonda, mbavu zinaonekana. Mama akaapa: jasho lake litalala kwenye akaunti yake mwenyewe, la sivyo ataacha kulima.

Benki ya mjini Arua ilitaka picha, barua ya mwenyekiti wa kijiji yenye mhuri, na mtu mwenye akaunti palepale, aje asimame aseme, huyu namjua. Katika ukoo wetu wote mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja: mwalimu wa Koboko, mume wa dada yangu. Mkwe wa mama! Hapo ndipo shughuli ilipoanza, kwa sababu kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala jina lake halitamki. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani.

Tulikwenda kwa lori. Mama alikaa mbele na dereva, shemeji juu ya magunia, na tuliposhuka mimi nikawa tarishi.

"Ambia shemeji yako ashike picha vizuri," mama aliniambia, na shemeji yuko hapo hapo, anasikia kila neno.

Ndani ya benki mama alijifunika kitenge usoni, shemeji akageukia ukuta. Karani, mtu wa kutoka kusini mwa nchi, akaweka kalamu chini.

"Shahidi gani anaogopa kuangalia mtu wake? Nyinyi iko wezi? Mwalimu, geuka. Angalia huyu mama, sema jina yake kwa mdomo. Kama hapana, chukua karatasi zenu."

Nilijaribu kumweleza desturi yetu.

"Desturi iko nyumbani. Hapa iko benki."

Nilitamani kumzaba kofi. Mama akaanza kukusanya picha zake. "Twende," alininong'oneza. "Usisumbue shemeji yako, mutoto ya watu." Nikauona msimu mzima wa tumbaku ukishuka kwenye koo la baba mdogo.

Shemeji akavua viatu. Akaviacha ukutani, akaja mpaka mbele ya mama, akapiga magoti kwenye saruji, foleni yote inatazama. Akainua macho. Kisha akalitaja jina la mama: lile la kuzaliwa, la ubatizo, na la baba yake.

Mzee mmoja kwenye foleni akavua kofia. Nilikuwa nimeona wanaume wa bunduki, nimeona watu wakivuka mto uliofurika na watoto mabegani, lakini ujasiri kama ule sijapata kuuona mpaka leo. Karani hakuelewa lolote. Akagonga mhuri.

Baadaye shemeji alileta mbuzi, faini ya kuvunja mwiko. Mama akampokea mbuzi huyo akiwa nyuma ya mlango, kama inavyotakiwa. Nilidhani ana kinyongo, nikamuuliza kama amekasirika.

"Nikasirike nini?" alisema. "Tangu mama yangu alikufa kule Zaire, hakuna mutu iko anaita mimi jina yangu. Ni mama ya fulani, mujane ya fulani. Wewe ulisikia ile jina?"

"Nilisikia."

"Sema."

Kwetu mtoto naye hamtaji mzazi wake kwa jina. Nikalitaja hata hivyo, polepole, lote.

"Naam," mama akaitika, na alikuwa ameshasimama, kama msichana aliyeitwa na mama yake.