Tetea wa Mwalimu Mgeni

Juzi, kwenye darasa la Kiingereza hapa Korogwe, tulifundishwa kwamba Mwingereza akisema lazima aje kwenu siku moja kunywa chai, mara nyingi anakuaga tu kwa adabu, haji kweli. Wenzangu walicheka. Mimi nilisikia harufu ya kuku na tangawizi.

Nilikuwa mtoto, kijijini Sindeni. Mwalimu mgeni kutoka Uingereza aliniambia maneno hayohayo getini pa shule, nikakimbia nayo hadi kwa bibi: mwalimu anakuja! Kesho yake bibi alimchinja tetea wake aliyekuwa akitaga, akafagia ua, akatandika mkeka mpya. Mchana kutwa, kila pikipiki iliponguruma tulichungulia njiani. Mchuzi ulipoganda, bibi alisema, "Mtu hataji nyumba yako bure, mjukuu wangu. Atakuwa anaumwa." Akatia udhu, akamwombea dua.

Jana nilimpigia bibi simu, nimejiandaa kumweleza maana ya maneno yale. Nilipomaliza tu kumwamkia, akaniuliza, kama anavyoniuliza miaka yote, "Hivi yule mwalimu wako alipona?"

Nikamjibu, "Alipona, bibi."

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi mwambie aje."